Kadi Kutoka Kisiwa cha Chini ya Ramani

Chumba cha Redio, juu ya duka la viatu
Jumapili, 4 Mei

Kwa mpwa wangu wa Posta,

Salamu kwanza. Mimi mjomba wako ni mzima, mke wangu mzima, cherehani za watu zinatengenezeka, na jana alasiri nilizungumza na mwisho wa dunia.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini wewe ni mtu wa posta, na kukupigia simu ni sawa na kumpelekea mwokaji mkate wa kununua.

Chama chetu cha redio unakijua. Watu kumi na mmoja, chumba kimoja, mashine moja ambayo ikipata moto inanuka mpira, na waya uliotoka dirishani hadi kwenye tangi la maji la jirani. Kazi yetu ni kuita hewani na kungoja mtu wa mbali aitike. Wenzangu wanapata miji ya jirani, wanapongezana. Mimi miji ya jirani naifikia kwa baiskeli.

Sasa jana wote walishuka uani kubishana mahali pa kuchimbia ufito wa shaba wa kumeza radi. Ubishi huo una wiki tatu. Nikabaki peke yangu na mashine. Nikazungusha kitufe taratibu, kama ninavyolegeza uzi kwenye cherehani ya bibi harusi mwenye haraka. Nikaita mara tatu. Kelele tupu, kama mafuta yanayochemka. Mara ya nne, mtu akaitika.

Mpwa wangu, alikuwa kwenye kituo cha hali ya hewa, katika kisiwa cha barafu kilicho chini kabisa ya ramani, pale mchapaji anapoandika anwani yake. Tukazungumza dakika kumi na moja, kwa kizungu cha kuokoteza. Chake kilikuwa kibovu kama changu, ndiyo maana tulielewana. Nyuma yake nikasikia ndege wale wasioruka wakipiga kelele. Akaniambia nasikika tano tisa. Tano ni maneno kueleweka, tisa ni nguvu ya sauti. Zaidi ya hapo hakuna, labda mtu aingie ndani ya chumba chako.

Waliporudi, Mwenyekiti wetu, yule daktari wa meno, akauliza, "Shahidi nani?" Nikasema ndege. Wakacheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Unajua wananiita Bwana Chumvi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo unapoingia wewe. Hewani mtu anaweza kusema lolote, kwa hiyo watu wa redio dunia nzima wana desturi: mkishazungumza, kila mmoja anamtumia mwenzake kadi ya posta. Inaandikwa siku, saa, ulivyosikika na neno la salamu. Kadi isipokuja, hamkuzungumza. Katibu wetu, mama mmoja mwalimu wa hesabu aliyestaafu kazi lakini hakustaafu hesabu, akafungua kitabu cha kanuni. Kanuni ya sita: kadi isipofika ndani ya siku tisini, aliyejitangaza anafungiwa kipaza sauti mwaka mzima.

Mwaka mzima, mpwa wangu. Mimi mchana kutwa naongea na cherehani. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kujibiwa.

Barua zote za ng'ambo zinapita mezani kwako. Fungua macho.

Mimi mjomba wako,
Mfika Mbali

*

Posta Kuu, Chumba cha Kuchambulia
15 Mei

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa sababu Mama alitaka kusikia.

Kwanza, mezani kwangu zinapita barua elfu sita kwa siku. Kazi yangu ni kusoma anwani na kutupa barua kwenye mfuko wa mji wake. Kumtafutia mtu barua yake ni kosa, na kusoma ya ndani ni kosa kubwa zaidi. Msimamizi wetu ana viatu visivyo na sauti. Ikipita, imepita.

Pili, kwenye barua yangu mlizungumza dakika kumi na moja. Kwenye ile uliyomwandikia Mama siku iyo hiyo ni dakika arobaini, na ndege walikuwa wanaimba. Mama anasema nikukumbushe kwamba uliwahi pia kutengeneza ndege ya abiria kwa sindano ya cherehani.

Tatu, nakuuliza kama mpwa na si kama mtumishi wa posta. Ulimwambia nini huyo mtu? Umeandika alivyosema yeye, walivyosema ndege, alivyosema daktari wa meno. Wewe uliyejaa maneno hujaandika neno lako hata moja. Hiyo si kawaida yako.

Msalimie mkaza-mjomba.

Mpwa wako

*

Chumba cha Redio
Jumatatu, 2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba ndege ile ya abiria ilikuwa na kiti kilichochanika, nami nilikishona, na bila kiti abiria hakai, na bila abiria si ndege ya abiria. Habari ndiyo hiyo.

Dakika zilikuwa kumi na moja. Zile nyingine ni za kutafuta mawimbi.

Nilimwambia nini? Mambo ya kawaida ya wanaume wawili hewani. Hali ya hewa. Jina la chama. Kidogo kuhusu mimi. Usinihoji, unafanana na Katibu.

Hapa hali ni ngumu. Katibu ametundika ubao karibu na mashine, kila Jumamosi anafuta namba ya siku zilizobaki na kuandika nyingine. Juzi ilikuwa sitini na mbili. Anaandika kwa chaki nyekundu. Muuza viatu wa chini, ambaye hata si mwanachama, anapanda ngazi kuja kuusoma, kisha anashuka akitikisa kichwa. Wakati wa kuita hewani, Mwenyekiti ananiambia, "Bwana Chumvi, wewe shika waya." Nashika waya. Daktari wa meno hajui kuita. Amezoea watu walioachama wasioweza kujibu, akiita anaendelea kuongea mwenyewe na mgeni anakata tamaa.

Nimetengeneza fremu ya kadi. Mbao za droo ya cherehani ya zamani, kioo cha saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni tayari, tupu. Mke wangu anaitazama kila akipita na kusema, "Picha nzuri. Nani huyu?"

Kadi itakuja. Yule ni mtu wa kweli, nilimsikia akikohoa.

Mjomba wako,
Mfika Mbali

*

Posta Kuu
Jumamosi, 19 Julai

Shikamoo Mjomba,

Naandika haraka, mfuko wa mji wenu unafungwa saa kumi.

Imepita. Leo asubuhi, kati ya katalogi ya mbegu na barua ya ushuru. Kadi ya posta yenye picha ya ndege weusi kwa weupe wamesimama kwenye barafu kama wageni waliofika mapema. Stempu ya nchi ambayo sijawahi kuiona mezani kwangu. Nikasimama nayo mkononi mpaka msimamizi akauliza kama naumwa.

Kwa hiyo ulisema kweli. Nimempigia Mama simu palepale. Akasema, "Basi hata ile ndege ya abiria tuichunguze upya."

Jambo moja tu. Maneno ya salamu sikuyasoma, kanuni ni kanuni. Lakini anwani ni kazi yangu kuisoma. Na anwani imeandikwa hivi: *Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na Mhandisi Mkuu, Chama cha Redio,* kisha sanduku la posta la chama.

Mjomba. Mwenyekiti wenu si daktari wa meno?

Kadi iko kwenye mfuko huu huu wenye barua hii. Zitasafiri pamoja.

Mpwa wako

*

Nyumbani, kwenye meza ya cherehani
Alhamisi, 24 Julai

Mpwa wangu,

Irudishe.

Najua haiwezekani. Barua yako imefika leo, kwa hiyo na kadi imefika leo. Iko ndani ya sanduku la chama, nimekwenda pale posta nimechungulia kwa tundu. Nimeona kona yake. Nimeona miguu ya ndege mmoja. Ufunguo anao Katibu, ameufunga kwenye mnyororo wa miwani yake, na kila Jumamosi anachukua barua na kuzisoma kwa sauti mbele ya wanachama wote. Kanuni ya saba.

Siku themanini na moja nimeiombea kadi hii ije. Sasa natamani ingezama baharini.

Basi nakuambia nilichosema. Umekuwa ukiuliza tangu Mei.

Yule mtu alipoitika, akajitambulisha. Akasema yeye ni Kamanda wa kituo, ana wanasayansi arobaini chini yake, na chumba chake cha redio kina mashine tatu. Kisha akasema, "Na wewe?" Mpwa wangu, fikiria. Mtu amekaa juu ya barafu, Kamanda, na sauti yake imevuka maji yote yale kuja kwenye sikio langu. Nimwambie mimi natengeneza cherehani? Nikasema mimi ni Mwenyekiti. Likatoka lenyewe. Nilivyoona limekaa vizuri, nikaongeza Mhandisi Mkuu. Akauliza urefu wa antena, nikasema mita sitini. Unalijua lile tangi la maji. Nikaongeza pia lifti ya kuipandia.

Na hakusema nasikika tano tisa. Kelele zilikuwa nyingi, sikusikia alichosema, nikachagua mwenyewe.

Sasa Kanuni ya kumi na moja, niliisoma leo mara nne: anayejipa cheo cha chama hewani anafutwa uanachama. Si mwaka. Kabisa. Naona njia mbili. Nimwombe Katibu asifungue sanduku mpaka tarehe moja Agosti ipite, nifungiwe mwaka mzima na nibaki Bwana Chumvi asiyefika popote. Au alifungue, wajue nilifika kweli, na wanifukuze kwa kweli hiyo hiyo.

Mke wangu nimemwambia. Aliacha kukunja nguo. Akaniuliza, "Lifti?" Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema niende nikapige pasi shati la Jumamosi.

Jibu lako litafika mambo yameshakwisha. Andika hivyo hivyo.

Mjomba wako

*

Posta Kuu
Jumatatu, 28 Julai

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika leo, na Jumamosi imeshapita, kwa hiyo ushauri wangu ni wa makumbusho. Hata hivyo nauandika.

Ungesimama kabla sanduku halijafunguliwa. Si baada. Baada yake unakuwa mtu aliyeshikwa. Kabla yake unakuwa mtu aliyesema.

Nimegundua pia kwamba barua yako ya Alhamisi haina sahihi ya Mfika Mbali. Umeandika Mjomba wako tu. Mama aliiona kabla yangu. Ameichukua, anasema hiyo ni ya kuweka.

Niambie kilichotokea, hata kama ni kibaya. Usiongeze dakika.

Mpwa wako

*

Ofisi ya Katibu, Chama cha Redio
Jumatano, 30 Julai

Kwa Karani wa Posta, Chumba cha Kuchambulia,

Ndugu,

Mimi ni Katibu wa chama ambacho mjomba wako ni mwanachama. Ametamka mbele ya kikao kwamba ulimwarifu juu ya kadi kabla haijafika kikaoni. Ninahitaji kwa ajili ya kumbukumbu uthibitisho wako wa maandishi kwamba kadi haikusomwa, haikucheleweshwa wala kuguswa zaidi ya inavyotakiwa. Mistari miwili inatosha. Kwa familia yenu, naona, mistari miwili ni kazi.

Kwa kuwa unatajwa, una haki ya kujua kikao kilivyokwenda. Nitasema kama kilivyokuwa.

Jumamosi, tarehe 26, saa tisa alasiri, wanachama wote kumi na mmoja walihudhuria, pamoja na muuza viatu, ambaye tumeshindwa kumzuia. Nilitoka posta na barua zote za sanduku mkobani, sikutazama kitu, kanuni hairuhusu. Nilikuwa navaa miwani nifungue mkoba ndipo mjomba wako aliposimama. Alikuwa amepiga pasi shati mpaka limeng'aa. Akasema, "Mama Katibu, kabla hujasoma." Kisha akasema yote: uenyekiti, uhandisi, mita sitini, lifti. Nilitazama saa. Alizungumza dakika moja na nusu. Katika miaka tisa sijapata kumsikia akimaliza jambo chini ya robo saa.

Nikasoma kadi. Ninaitafsiri hapa:

"Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti. Nathibitisha kwamba tulizungumza tarehe 3 Mei, dakika kumi na moja. Ulisikika tatu mbili, yaani kwa shida. Nimechelewa kuandika kwa sababu kadi ni hati ya kweli na mimi sikuwa mkweli. Mimi si Kamanda. Mimi ni mpishi. Wanasayansi si arobaini, ni tisa, na leo wameniambia viazi vimeungua. Kamanda huniruhusu kutumia redio Jumamosi wakipumzika. Nilipokusikia nilifurahi mno, nikaogopa kwamba mtu wa cheo chako hatazungumza na mpishi. Nisamehe. Ulinifanya nicheke kuhusu ile lifti. Kama unaona nastahili, nitumie kadi."

Nilipomaliza, mjomba wako alikuwa amekaa. Muuza viatu alipenga kamasi.

Nilisoma Kanuni ya kumi na moja, kwa kuwa ni wajibu wangu. Mwenyekiti akaomba kusema. Alisema cheo hiki amekibeba miaka sita, kubeba viti na kununua chaki, na huyu ni mtu wa kwanza duniani kukitamani, kwa hiyo yeye binafsi hajakosewa, ameheshimiwa. Mwanachama mmoja akauliza kama lifti itajengwa. Nilimwamuru anyamaze.

Tulipiga kura. Mawasiliano yameandikwa daftarini, namba 418, ndiyo ya mbali kuliko zote tangu chama kianze. Mjomba wako hakufutwa. Atakunja waya na kufagia chumba miezi mitatu, na kadi ya kumjibu mpishi ataiandika mwenyewe, nami nitaikagua neno kwa neno kabla haijatumwa.

Ubao nimeufuta.

Nasubiri mistari yako miwili.

Katibu

*

Chumba cha Redio, baada ya kufagia
Jumatatu, 11 Agosti

Mpwa wangu wa Posta,

Marahaba, na marahaba ya barua ya kabla yake pia, maana sikukuitikia.

Katibu ameniambia kwamba amekuandikia. Ameniambia pia kwamba umemjibu mistari miwili kamili, na ameitundika ukutani kama mfano kwangu. Sina la kuongeza kwa aliyosema, isipokuwa muuza viatu hakupenga kamasi. Alilia wazi. Mimi ndiye niliyekuwa na kitu machoni. Vumbi. Sasa nalifagia mimi, kwa hiyo najua lilivyo jingi.

Nikuambie kitu. Siku ile nilipomsikia akijiita Kamanda, nilijiona mdogo mpaka nikajinyoosha kwenye kiti. Na yeye kule, aliposikia Mwenyekiti, akajinyoosha vilevile. Wanaume wawili wamekaa wima dakika kumi na moja, migongo inauma, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Mmoja anatengeneza cherehani, mwingine anaunguza viazi. Tungejua, tungezungumza mapishi, na pengine nyuzi, maana hata kule mtu anachanika suruali.

Mwenyekiti ameniruhusu kumwita Jumamosi ijayo. Waya nitakunja baadaye. Katibu atakaa pembeni na saa.

Fremu haina tena nafasi tupu. Nilitaka picha ya ndege iwe mbele. Mke wangu akaigeuza, ameweka upande wenye maneno. Wageni wakija anawasomea mwenyewe, na akifika kwenye viazi anasoma mara mbili.

Kadi yangu nimeiandika. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Katibu alisema kadi haina kurasa. Ya pili ilikuwa na ndege ya abiria. Ya tatu ameipitisha. Nitaitia posta leo pamoja na barua hii, itapita mezani kwako Ijumaa. Kwa kuwa kuisoma ni kosa, nainakili hapa chini, uisome bila kosa, kisha umsomee dada yangu.

Mjomba wako,
Fundi Cherehani

*Kwa Mpishi, Kituo cha Hali ya Hewa.*

*Nathibitisha kwamba tulizungumza tarehe 3 Mei, dakika kumi na moja. Mimi si Mwenyekiti wala mhandisi. Natengeneza cherehani, na wiki hii nafagia. Hakuna lifti, kuna ngazi, na ya tatu kutoka chini imevunjika. Antena yetu imefungwa kwenye tangi la maji, mita nane.*

*Ulisikika tatu mbili. Ilitosha.*

*Ukiwa na suruali iliyochanika, nipe vipimo.*

*(Mita saba. Nimepima. – Katibu)*